Injini Hukolezwa, Hairekebishwi

Orodha ya istilahi za magari niliyoletewa majuzi inaniagiza kwamba kazi ya kupatanisha petroli, hewa na cheche katika injini ya turbo niiite "urekebishaji wa injini". Chini yake, bila haya, wamekaa mapacha wawili: "mchanganyiko tajiri" na "mchanganyiko maskini". Waheshimiwa wa kikao kilichoiandaa orodha hiyo walifungua kamusi ya Kifaransa, boneti hawakufungua.

Kurekebisha ni kuondoa kasoro. Mwenye Subaru Impreza nzima anayetaka ivute zaidi ana kasoro gani ya kuondolewa? Na petroli imekuwa maskini tangu lini?

Neno langu ni kukoleza. Chumvi hukolea katika mchuzi, rangi katika kitambaa, usingizi machoni, ngoma usiku ukishaingia. Popote litumikapo, kitu kimefika pale pake: ongeza, uharibu, punguza, uharibu. Kolea huzaa koleza kama potea izaavyo poteza na tembea tembeza, wala hatukukopa kiambishi kwa jirani. Kinyume chake kilikuwa kikingoja siku zote: chapwa. Mchanganyiko uliokolea, mchanganyiko chapwa. Mpishi yeyote ameelewa. (Na turbo nayo? Iachwe. Kwa Kilatini ni pia, ile ya watoto, na kweli inazunguka.)

Nililipendekeza zamani katika mkutano mmoja, nikajibiwa kwamba ni neno la jikoni. Ndiyo. Kwani moto nao haukolezwi? Injini ni jiko lenye magurudumu, na aliyenijibu, nadhani, hajawahi kupika.

Hapa Murara, mjini Goma, jambo hili linaonekana kwa macho. Goma iko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, na kanieneo ya hewa imepungua kwa karibu sehemu moja kati ya sita ukilinganisha na Mombasa. Toyota kuukuu ya kabureta iliyokolezwa pwani ikifika huku hutoa moshi mweusi. Fundi jirani yangu alichomoa buji (plagi) ya gari la namna hiyo, akaifuta kwa kidole gumba, masizi yakabaki kama ya kitako cha sufuria. "Papa," akaniambia, "esansi iko mingi, upepo iko kidogo." Akashika bisibisi. Hakuhitaji kikao.

Turbo huirudisha hewa iliyopungua, lakini kwa kuzunguka kasi zaidi na kuipasha joto. Ndipo ukolezaji unapokuwa kazi ya kompyuta: kilo 1 ya petroli hutaka hewa kilo 14.7 ili iungue sawasawa, ila turbo ikisukuma kwa nguvu, kiasi hicho hushushwa hadi kilo 12 hivi, maana petroli ya ziada hupoza chumba cha mwako. Cheche nayo hucheleweshwa, injini isigonge. Mchanganyiko ukiwa chapwa wakati huo, pistoni hutoboka. Naona tundu la pistoni lingewasaidia wanaotafuta kasoro ya kurekebisha.

Matumizi, kwa ufupi: koleza, mkolezaji, ukolezaji; jedwali la ukolezaji ni lile lililomo katika kompyuta ya gari; ukolezi waachiwe walimu wa kemia, walikwisha kuuchukua.

Orodha nimeirudisha na wino mwekundu. Jibu halijaja.