Je, Walikale na Masisi kulikuwa watu "wasiojua Mungu"?

Wahubiri wengine wakiingia katika misitu ya Walikale ao milima ya Masisi, hasa kwa ndugu zetu Wambuti, husema wanaenda kwa watu "wasiojua Mungu". Neno hilo tuliangalie vizuri.

Wanyanga wa Walikale walikuwa na Ongo, mwenye kutoa uhai, na Nkuba wa radi. Mwaka wa 1956, mzee Rureke aliwasimulia Daniel Biebuyck na wenzake hadithi ya Mwindo. Kitabu kilitoka 1969. Humo Mwindo, shujaa mwenye majivuno, anapelekwa juu na Nkuba, anateswa kwa baridi, mvua na jua mpaka anashusha kiburi, kisha anarudi kutawala watu kwa wema. Basi mema na mabaya yalijulikana mbele ya misioni kufika.

Misioni zilileta shule na dawa, hatukatai. Lakini wakati wa Wabelgiji karibu shule zote za Waafrika zilikuwa mikononi mwa misioni. Aliyetaka mtoto asome alipitia kanisani. Neno la Mungu lilifika pamoja na kodi na kazi ya lazima, na watu wakaona vyote ni kitu kimoja. Mwaka wa 1944, Bushiri Lungundu na watu wa Kitawala waliasi kuanzia Lubutu hadi Masisi. Nao pia walishika Biblia, ila waliisoma kwa macho yao wenyewe.

Leo sheria inasema nini? Katiba ya 2006, kifungu cha 22, inampa kila mtu uhuru wa dini. Sheria ya Julai 15, 2022 inalinda haki za Wambuti na desturi zao. Na kanuni ya Msalaba Mwekundu ya 1994 inakataza kutumia msaada kwa kueneza dini.

Mhubiri akifika kijijini ao kambini, mujiulize:

- Amesalimia wazee na kuwasikiliza, ao amekuja kusema tu?
- Unga, dawa ao shule anavitoa bila sharti la ubatizo?
- Mtoto anabatizwa wazazi wakiwa wamekubali?
- Anayekataa anabaki kuheshimiwa, ao anaanza kuitwa mchawi?

Swali la mwisho ndilo zito kuliko yote. Huku kwetu, mutu akiitwa mchawi anaweza kufukuzwa, hata kuuawa. Kuhubiri ni haki ya mhubiri. Kukataa pia ni haki ya mwenye kusikia.