Refa wa Limbe na Jua la Saa Nane

Wadau, leo nalipa deni la mtu ambaye hata hanijui.

Tarehe 12 Januari 2022, saa kumi alasiri kwa saa zetu, tulikuwa chumba cha habari tumekodolea macho televisheni. Ni Kombe la Mataifa ya Afrika, Tunisia na Mali, mechi inachezwa mjini Limbe, Kameruni. Mali wanaongoza 1-0 kwa penalti ya Ibrahima Koné. Mara refa, Janny Sikazwe wa Zambia, anapuliza kipenga cha mwisho. Tunaangalia saa kwenye kioo: dakika ya 85! Watunisia wakamzonga, mpira ukarudishwa uwanjani. Dakika mbili baadaye akamtoa El Bilal Touré wa Mali kwa kadi nyekundu, akaenda kuangalia video, akarudi na msimamo wake ule ule. Halafu, zikiwa zimebaki sekunde chache tu dakika 90 zitimie, akapuliza tena. Hakuna dakika ya nyongeza hata moja. Mchezo kwisha.

Jamani, tulicheka! Mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuandika, na kichwa cha habari nilichobuni kilikuwa hiki: "Wazambia, mnunulieni refa wenu saa." Mhariri akakipitisha. Nilijiona bingwa.

Kesho yake mzee mmoja wa dawati la michezo, ambaye enzi zake alichezesha sana mechi za mchangani, akaniita.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Hiki umeandika wewe?"

"Ndiyo mzee." Nikawa nasubiri sifa.

"Kwao huko mechi ilianza saa ngapi?"

Nikapiga hesabu. Sisi saa kumi, wao wako nyuma yetu kwa saa mbili. "Saa nane mchana, mzee."

"Umeshawahi kukimbia saa moja na nusu, kuanzia saa nane mchana, mwezi wa kwanza? Hapa hapa Dar, usiende mbali."

Sikuwa na jibu. Akarudi kwenye gazeti lake, akaniacha nimesimama.

Siku chache baadaye Sikazwe akaeleza kilichompata. Joto lilikuwa limezidi nyuzi 30, hewa imejaa unyevu, na mwili wake ukashindwa kujipoza. Alichanganyikiwa, akawa hasikii vizuri hata watu waliokuwa wakizungumza naye. Madaktari walimwambia alikuwa karibu kuzimia kabisa asiamke. Yaani wakati mimi natafuta utani mzuri, yule bwana alikuwa anapigania uhai wake mbele ya kamera.

Na huyu hakuwa refa wa kuokoteza. Ndiye aliyechezesha fainali ya kombe hilo hilo mwaka 2017, Misri na Kameruni, na baadaye mwaka huo huo wa 2022 alichezesha Kombe la Dunia kule Qatar.

Tangu hapo kila nikisoma historia ya mashindano makubwa ninajiuliza swali moja: haya tunayoyaita bahati, ni bahati kweli?

Kwanza tukubaliane kwamba bahati ipo. Mpira ni mchezo wa magoli machache, kwa hiyo tukio moja linaweza kubeba mechi nzima. Kwenye ligi ya mechi 30, penalti ya dhuluma ya mwezi wa tisa unaweza kuifidia mwezi wa pili. Kwenye mashindano una mechi tatu za kundi, halafu ni mtoano. Ukidhulumiwa leo, kesho uko uwanja wa ndege na mabegi yako.

Zamani bahati ilikuwa hata haijifichi. Tarehe 5 Juni 1968, nusu fainali ya Kombe la Mataifa ya Ulaya mjini Naples, Italia na Umoja wa Kisovieti walimaliza dakika 120 bila goli. Kipindi hicho hakukuwa na mikwaju ya penalti. Refa akawaita manahodha ndani, ikarushwa shilingi! Giacinto Facchetti wa Italia akachagua upande, upande ukatokea, akatoka mbio kwenda kuwaambia mashabiki waliokuwa bado wanasubiri majukwaani. Italia wakaenda fainali, wakawafunga Yugoslavia katika mechi ya marudio, wakawa mabingwa wa Ulaya. Miaka miwili baadaye, mwaka 1970, wakubwa wa sheria za soka wakaidhinisha penalti. Angalau mtu afe kwa mguu wake mwenyewe.

Msidhani hayo ni mambo ya kale tu. Januari 2015, kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika kule Guinea ya Ikweta, Mali na Guinea walitoka sare ya 1-1 katika kila mechi ya kundi lao. Pointi sawa, magoli sawa, na walipokutana wenyewe kwa wenyewe, 1-1. Ikabidi ipigwe kura mjini Malabo. Guinea wakasonga mbele, Mali wakarudi Bamako bila kufungwa na mtu.

Baada ya bahati ya shilingi kuna bahati ya jicho la refa. Sisi Waafrika tunayo kumbukumbu yetu: Lagos, tarehe 13 Februari 2000, fainali ya Nigeria na Kameruni. Mechi imeisha 2-2, wako kwenye penalti. Victor Ikpeba wa Nigeria anapiga, mpira unagonga mtambaa panya, unadunda chini na kutoka nje. Refa Mourad Daami wa Tunisia akasema si goli. Marudio ya picha yakaonyesha mpira ulivuka mstari. Kameruni wakachukua kombe kwa penalti 4-3, mbele ya Wanigeria nyumbani kwao.

Kwa matatizo ya aina hiyo, dawa zimetafutwa. Mwaka 2014 Kombe la Dunia lilitumia teknolojia ya mstari wa goli kwa mara ya kwanza. Mwaka 2018 ikaja VAR. Kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika VAR ilianza robo fainali ya mwaka 2019, na kule Kameruni ikatumika mechi zote, ikiwemo ile ya Limbe. Yaani siku ile kila kitu kilikuwepo: kamera, vinasa sauti, wasaidizi, skrini. Kitu pekee ambacho hakuna aliyekisahihisha ni saa ya kuanza mechi.

Hapa ndipo tunapofika kwenye hali ya hewa.

Watu husema jua ni la wote, mvua ni ya wote, kwa hiyo hakuna anayeonewa. Si kweli. Angalieni Bern, Uswisi, fainali ya Kombe la Dunia tarehe 4 Julai 1954. Hungaria walikuwa hawajafungwa tangu mwaka 1950, na kwenye makundi walikuwa wamewachapa hao hao Ujerumani Magharibi 8-3. Siku ya fainali ikanyesha. Nahodha wa Wajerumani, Fritz Walter, aliwahi kuugua malaria wakati wa vita, na toka hapo joto lilikuwa adui yake. Mvua ndiyo ilikuwa siku yake. Kwao mpaka leo siku ya mvua huitwa hali ya hewa ya Fritz Walter. Na Adi Dassler, mwanzilishi wa Adidas, alikuwa amewaletea viatu ambavyo meno yake yanafunguliwa na kubadilishwa kulingana na uwanja. Wahungaria wakatangulia kwa magoli mawili ndani ya dakika nane, lakini mechi ikaisha 3-2, Wajerumani mabingwa. Dakika za mwisho Ferenc Puskás alifunga la kusawazisha, mshika kibendera akasema ameotea. Linabishaniwa hadi leo.

Mvua iliwanyeshea wote ishirini na wawili. Lakini mmoja aliomba inyeshe na amevaa viatu vya mvua.

Twende Meksiko, 1970. Mechi kadhaa zilianza saa sita mchana, jua la utosini, kwa sababu moja: huko Ulaya ilikuwa jioni na watu wamekaa mbele ya televisheni. Mjini León, tarehe 14 Juni, robo fainali, Uingereza waliongoza 2-0 dhidi ya Ujerumani Magharibi. Kipa wao Gordon Banks alikuwa ameugua tumbo, hakucheza. Hiyo ni bahati mbaya. Franz Beckenbauer akarudisha moja, na kocha Alf Ramsey akamtoa Bobby Charlton, umri miaka 32, ili kumtunzia nguvu za nusu fainali. Nusu fainali yenyewe hawakuifika. Wakafungwa 3-2 katika dakika za nyongeza. Waingereza wengi walimlaumu kipa wa akiba, Peter Bonetti. Wachache walimuuliza aliyepanga wanaume wakimbie dakika 120 kuanzia saa sita mchana.

Na mwaka 1986 Kombe la Dunia liliporudi Meksiko, Argentina na Uingereza wakachezeshwa saa sita mchana vile vile, kwenye uwanja wa Azteca, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Mnajua kilichotokea: mkono wa Maradona, na Ali Bin Nasser wa Tunisia akakubali goli. Bin Nasser ametupiwa mawe ya maneno kwa miongo kadhaa. Simtetei, mkono ulikuwa mkono. Nasema tu kwamba jina lake tunalijua sote, la aliyepanga ratiba hakuna anayelijua.

Na nadhani hapo ndipo penye jibu la swali langu. Kosa la refa lina sura na jina, tena lina marudio ya picha. Kosa la ratiba halina. Kwa hiyo tunamzomea mwenye filimbi, halafu lile la ratiba tunaliita bahati mbaya, kana kwamba jua lenyewe ndilo lililochagua kuwaka saa ya mechi. Jua halikubadilisha ratiba yake hata siku moja. Sisi ndio tunaojua litakuwa wapi saa nane mchana.

Wakitaka, wanaweza. Qatar ilipoonekana haichezeki mwezi wa sita, Kombe la Dunia la 2022 lilihamishiwa Novemba na Desemba, ligi za Ulaya zikasimama kulipisha. Mwaka 2019 kombe letu lilichezwa Juni na Julai kule Misri, Taifa Stars wakiwemo kwa mara ya kwanza tangu Lagos 1980, na wachezaji wakapewa mapumziko ya kunywa maji katikati ya kila kipindi. Kwa hiyo hatari ilikuwa inajulikana miaka miwili na nusu kabla ya Limbe.

Kuhusu mechi ile, wakubwa walitaka irudiwe kwa zile dakika zilizobaki, na Mali wakarudi uwanjani. Tunisia hawakutokea. Kocha wao alisema wachezaji walikuwa wameshaingia kwenye maji ya barafu. Mnaona? Wachezaji walikuwa na barafu ikiwasubiri. Refa, aliyekimbia dakika zile zile chini ya jua lile lile, alisubiriwa na matusi, na kichwa changu cha habari.

Yule mzee alishastaafu. Siku ya kumuaga nilimwambia kwamba nimekoma kuandika habari ya refa yeyote kabla sijauliza mechi ilianza saa ngapi na joto lilikuwa nyuzi ngapi.

"Ulimwandikia yule Mzambia?" akaniuliza.

"Hapana mzee. Nimwandikie nini?"

"Kwamba ulikosea."

Basi ndugu Sikazwe, kama Kiswahili hiki kitakufikia huko Zambia: saa yako haikuwa na ubaya wowote. Nilikosea mimi.