Wazee wa Ushirika Wetu Mdogo: Kutoka Lugulu Hadi Kitale



Hesabu za mwaka mmekwisha kuzisoma katika kurasa za mbele. Kamati ilituagiza tuongeze habari fupi za wale walioanzisha ushirika mdogo wa Marafiki kati ya watu wetu wa Bungoma waliohamia upande wa Kitale. Sababu ya agizo hilo ni hii. Mwaka huu tulimzika mama yetu mmoja, aliyekuwa wa mwisho katika wale waliosali chini ya mti kabla ya Uhuru. Tulipoketi kuandika maneno ya kusomwa kaburini, mwanawe alituuliza, "Mama aliingia kanisani mwaka gani?" Tukatazamana. Hapakuwa na mtu wa kujibu, wala kitabu cha kufungua.

Tuanze basi na yale yanayojulikana. Reli ilifika Kisumu mwaka wa 1901, na mwaka uliofuata Wamarekani watatu, Willis Hotchkiss, Arthur Chilson na Edgar Hole, walifungua misheni ya Marafiki huko Kaimosi. Kutoka Kaimosi dini hiyo ilipanda kaskazini ikafika Lugulu, kati ya Webuye na Kimilili, ambako Jefferson Ford na mkewe Helen walifanya kazi miaka mingi. Wazee wa Kibukusu walioipokea walikuwa watoto wa watu waliopigana vita vya Lumboka na Chetambe mwaka wa 1895. Haikuwa jambo jepesi kwao kumkaribisha mgeni mwingine mweupe barazani. Waliokubali walikubali kwa hiari, wakitaka mafundisho, kusoma, na dawa za wagonjwa.

Wakati huo nchi ya Trans Nzoia ilikuwa imekwisha kukatwa mashamba ya masetla, na mwaka wa 1926 reli ikafika Kitale. Watu wetu walikwenda huko kulima mahindi ya wengine. Sheria ya mwaka wa 1918 ilimtaka skwota afanye kazi si chini ya siku 180 kwa mwaka, ndipo apate ruhusa ya kukaa shambani na kulisha ng'ombe wake. Sheria ya mwaka wa 1937 iliyapa mabaraza ya masetla uwezo wa kuongeza siku hizo na kupunguza mifugo. Mtu aliondoka kwao Kimilili au Chwele na mke na ng'ombe kumi, na baada ya miaka michache alikuwa na kipande shingoni na ng'ombe wawili.

Katika hali hiyo ushirika wetu ulizaliwa. Haukuletwa Kitale na mmisionari. Uliletwa na wapishi, watunza ng'ombe, madereva wa matrekta na wake zao. Mpishi mmoja, mzee tuliyemjua tungali watoto, alitusimulia kwamba Jumapili ya kwanza walikuwa watu saba. Kengele yao ilikuwa kipande cha chuma cha jembe la trekta, nao waliipiga polepole ili bwana shamba asiamke. Ruhusa ya kusali iliombwa kwa nyapara, na nyapara alipobadilishwa iliombwa upya. Kwa desturi ya Marafiki walianza kwa kunyamaza. Mzee huyo alikuwa akisema kwa kicheko kwamba kunyamaza hakukuwapa shida, kwa maana juma zima walikuwa wamenyamazishwa. Lakini kimya cha Jumapili kilikuwa chao wenyewe.

Akina mama hawakuwa nyuma. Marafiki tangu mwanzo wao Uingereza katika karne ya 17 waliwaacha wanawake wahubiri, na mama zetu waliishika haki hiyo kwa mikono miwili. Yule tuliyemzika mwaka huu hakupita shule, lakini alisoma Biblia ya Kiluragoli, iliyotoka kamili mwaka wa 1951, akaifasiri papo hapo kwa Kibukusu. Msiba ukitokea, yeye ndiye aliyepita nyumba kwa nyumba na kikapu akikusanya unga na senti. Chama hiki tunachokiita chetu, chenye stakabadhi na mwekahazina, kilianzia katika kikapu kile.

Yako pia mambo mazito, wala si haki tuyafiche. Katika miaka ya 1940 Elijah Masinde, aliyewahi kuwa muumini wa Marafiki na mchezaji hodari wa mpira, alianzisha Dini ya Msambwa, akiwaita watu warudi kwa mila za mababu na kuwakataa masetla. Mwezi wa Februari 1948 polisi waliwapiga risasi wafuasi wa dini hiyo huko Malakisi, wakafa watu 11. Dini ikapigwa marufuku, na Masinde akahamishwa hadi Lamu. Ushirika wetu uligawanyika. Ndugu wawili waliokuwa wakikaa benchi moja wakaacha kusalimiana, na majina ya waliotoka yakawa hayatajwi. Sisi tuliozaliwa baadaye hatukai kuwahukumu. Tunasema tu kwamba wale waliobaki na wale waliotoka walilima shamba moja na kubeba kipande kimoja, na kila upande ulikuwa ukitafuta mahali pa kusimama wima.

Mtauliza, mbona hatuna kumbukumbu? Sababu moja ni kwamba Marafiki hawabatizi kwa maji, hivyo hakuna cheti cha ubatizo cha kutazamwa, kama walivyo nacho jirani zetu wa makanisa mengine. Majina yetu yamo katika madaftari ya mikutano ya mwezi, na madaftari yetu ya kwanza yaliliwa na mchwa au yalipotea watu walipohamahama. Sababu ya pili ni uchungu zaidi. Wengi wa wazee hao walizikwa palepale mashambani. Baada ya mwaka wa 1963 mashamba yaligawanywa na kuuzwa, na plau ikapita juu ya makaburi. Yako makaburi ambayo leo yamo ndani ya mahindi ya mtu asiyejua kwamba analima juu ya mzee wetu.

Kati ya Marafiki, anayeongoza kikao huitwa karani, kwa kuwa kazi yake ni kusikiliza na kuandika yaliyokubaliwa. Sisi tulioajiriwa ukarani tunaona haya kwamba tumeandika barua za kila ofisi, na majina ya wazazi wetu hatukuyaandika.

Kwa hiyo Kamati imenunua daftari moja kubwa la jalada gumu. Tunawaomba wazee mliobaki, wa Kitale na wa Bungoma, mje mtuambie majina: ya waliobaki na ya waliotoka, ya wanaume na ya wanawake, na shamba alimozikwa kila mmoja. Chanda chema huvikwa pete. Pete hatuna, lakini wino tunao. Jina la mama yetu tumekwisha kuliandika katika mstari wa kwanza, na mahali pa mwaka tumepaacha wazi, huenda mmoja wenu akaukumbuka.