Namna ya Kuwazuia Panya Ghalani, Majumbani na Katika Magari Yaliyoegeshwa: Mwongozo kwa Wakazi wa Issuna na Maeneo Jirani

Issuna ni kata ya Wilaya ya Ikungi, mkoani Singida, iliyo kando ya barabara kuu iunganishayo Manyoni na mji wa Singida. Kama ilivyo katika sehemu kubwa ya Kanda ya Kati, mvua zake ni za msimu mmoja: huanza kati ya Novemba na Desemba na kukoma Aprili au mwanzoni mwa Mei. Mtama, uwele, mahindi, karanga, dengu na alizeti vinavyovunwa baada ya mvua hizo ndivyo vinavyotarajiwa kuikimu kaya hadi mavuno ya mwaka unaofuata. Kwa sababu hiyo, gunia linaloliwa na panya mwezi Agosti halina mbadala mwezi Februari.

Makala hii inaeleza tabia za panya, hasara na maradhi wanayosababisha, na hatua ambazo kaya, wafanyabiashara wa mazao na wamiliki wa vyombo vya usafiri wanaweza kuzichukua kwa vifaa vinavyopatikana vijijini.

Aina za panya na ukubwa wa hasara

Panya wanaosumbua zaidi katika vijiji vya Tanzania ni wa aina tatu. Wa kwanza ni panya shamba, ajulikanaye kitaalamu kama Mastomys natalensis, ambaye hufukua mbegu zilizopandwa, hula mazao yaliyokomaa na kisha huyafuata mazao hayo hadi nyumbani. Wa pili ni panya wa darini, Rattus rattus, hodari wa kupanda kuta na paa. Wa tatu ni panya mdogo wa nyumbani, Mus musculus, anayeweza kuishi ndani ya kabati au kiti cha gari bila kuonekana kwa muda mrefu.

Panya shamba huzaliana kwa kasi kubwa. Mimba yake huchukua takribani wiki tatu, na jike mmoja anaweza kuzaa watoto zaidi ya kumi kwa mara moja. Utafiti uliofanywa Morogoro, ambako Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) kimechunguza viumbe hao kwa miongo kadhaa, umeonesha kuwa ongezeko lao linafuata mvua: pale mvua za mwishoni mwa mwaka zinapokuwa nyingi na nyasi kustawi mapema, panya huanza kuzaliana mapema na mlipuko unaweza kutokea.

Watafiti wamekadiria kuwa panya huharibu kati ya asilimia 5 na 15 ya mahindi nchini kwa mwaka wa kawaida, na zaidi ya hapo pale mlipuko unapotokea. Kwa ngazi ya kaya, hesabu ni nyepesi. Panya mkubwa anayekula gramu 25 za nafaka kwa siku humaliza zaidi ya kilo 9 kwa mwaka. Panya kumi wa namna hiyo humaliza takribani kilo 91, yaani karibu gunia zima la kilo 100. Hesabu hiyo haijagusa nafaka inayomwagika kwenye magunia yaliyotobolewa wala ile inayochafuliwa kwa mkojo na kinyesi, ambayo mara nyingi ni nyingi kuliko iliyoliwa.

Maradhi yanayoenezwa na panya

Mwezi Julai 2022, Wizara ya Afya ilitangaza kuwapo kwa mlipuko wa ugonjwa katika Wilaya ya Ruangwa, mkoani Lindi, ambao uchunguzi wa maabara ulibaini kuwa ni leptospirosisi, maarufu kwa jina la homa ya mgunda. Watu watatu walipoteza maisha. Ugonjwa huo husababishwa na bakteria watokao katika mkojo wa wanyama, wakiwamo panya, na humwingia binadamu kupitia maji au udongo uliochafuliwa, hasa akiwa na michubuko. Dalili zake ni pamoja na homa, maumivu ya kichwa na misuli, uchovu na, kwa baadhi ya wagonjwa, kutokwa na damu puani. Hutibika kwa dawa endapo mgonjwa atawahi kituo cha kutolea huduma za afya.

Tauni nayo imewahi kuitikisa nchi. Wilaya ya Lushoto, mkoani Tanga, ilipata mlipuko mwaka 1980 uliofuatiwa na mingine kwa zaidi ya miaka ishirini, na Wilaya ya Mbulu ilipata mlipuko mwaka 2007. Tauni huenezwa na viroboto wanaomhama panya aliyekufa na kumfuata binadamu. Ndiyo maana panya wengi wanapoonekana wamekufa bila kutegwa wala kutiliwa sumu, wananchi hawapaswi kuwagusa kwa mikono mitupu, bali wanapaswa kutoa taarifa haraka katika zahanati, kwa afisa afya wa kata, au kwa kupiga namba 199 ya Wizara ya Afya bila malipo.

Kuziba njia

Hatua ya kwanza, na iliyo ya kudumu kuliko zote, ni kumnyima panya mlango. Panya mdogo wa nyumbani hupenya katika upenyo wa milimita 6 tu, karibu unene wa penseli. Meno yake ya mbele hukua maisha yote, hivyo hulazimika kutafuna kila siku ili kuyapunguza. Mbao, plastiki, matambara na udongo mtupu havimzuii.

Matundu madogo kwenye kuta yajazwe nyuzi za chuma za kusugulia masufuria, kisha yafunikwe kwa saruji. Uwazi chini ya mlango uzibwe kwa kipande cha bati kilichopigiliwa upande wa chini wa ubao. Madirisha na matundu ya hewa yawekewe wavu wa chuma wenye macho yasiyozidi milimita 6. Wavu wa banda la kuku hautoshi, kwa kuwa macho yake ni mapana. Katika nyumba za tembe, ambazo bado zipo mkoani Singida, mahali pa kuangaliwa zaidi ni pale fito za paa zinapokutana na ukuta, pamoja na sehemu ya chini ya kuta ambako panya huchimba. Sehemu hizo zikandikwe upya kila mwaka kabla ya mavuno kuingizwa ndani.

Uwanja unaoizunguka nyumba usafishwe kwa upana wa mita mbili au zaidi. Nyasi ndefu, marundo ya mabua, masuke yaliyopurwa na mashudu ya alizeti ni makazi na chakula cha panya kwa wakati mmoja.

Kuhifadhi nafaka

Kihenge cha bati chenye mfuniko unaobana ndicho kinga bora zaidi, kwa kuwa panya hawezi kukitoboa. Mifuko isiyopitisha hewa, ambayo imewasaidia wakulima wengi kupambana na dumuzi bila viuatilifu, haiwazuii panya. Tundu moja la jino huingiza hewa na kuharibu kazi yote ya mfuko. Kwa hiyo mifuko hiyo ihifadhiwe ndani ya chumba kilichozibwa, au ndani ya pipa la chuma.

Magunia yapangwe juu ya chaga, yakiwa mbali na ukuta kwa angalau nusu mita, ili mtu aweze kuzunguka na kukagua. Gunia lililoegemezwa ukutani ni ngazi na maficho ya panya.

Ghala la nje lijengwe juu ya nguzo, sakafu yake ikiwa na kimo cha mita moja kutoka ardhini. Kila nguzo ivalishwe bati lenye umbo la faneli lililoelekezwa chini, likitokeza sentimita 25 kuizunguka nguzo. Panya anayepanda hukutana na bati hilo na kushindwa kulipita. Kinga hiyo hupotea iwapo ngazi itaachwa imeegemezwa ghalani usiku, au iwapo tawi la mti litagusa paa.

Magari, trekta na trela za malazi

Mvua zinapokoma na mashamba kubaki matupu, panya hutafuta mahali pakavu na penye joto. Trekta lililomaliza kazi ya kulima, trela, lori linalosubiri msimu wa alizeti, makontena ya malazi katika kambi za ujenzi, pamoja na magari ya malazi yanayotumiwa na watalii katika barabara kuu, yote hutoa makazi hayo. Panya hutafuna ganda la nyaya za umeme, hujenga kiota ndani ya kichujio cha hewa na hutoboa viti. Waya uliochunwa unaweza kusababisha hitilafu ya umeme na hata moto.

Chombo kinachoegeshwa kwa wiki kadhaa kiwekwe mahali pagumu na peupe, mbali na ghala, marundo ya mabua na vichaka. Kabla ya kukiegesha, mbegu zilizomwagika sakafuni na chini ya viti zifagiliwe, na vyakula vyote, vikiwamo vilivyo ndani ya makopo ya plastiki, viondolewe. Magodoro na mablanketi yatolewe, au yafungwe ndani ya sanduku la bati.

Kwa trela na makontena ya malazi, ukaguzi uanzie chini ya sakafu. Panya wengi huingia pale mabomba ya maji, mabomba ya gesi na nyaya zinapopenyezwa. Matundu hayo yazibwe kwa nyuzi za chuma na bati. Matundu ya kutolea hewa ya jiko la gesi yasizibwe kamwe. Yafunikwe kwa wavu wa chuma ili hewa iendelee kupita. Bomba la moshi la gari linaweza kufunikwa kwa wavu, mradi kibandiko chekundu kiwekwe kwenye usukani kumkumbusha dereva kuuondoa kabla ya kuwasha injini.

Boneti ifunguliwe mara moja kwa wiki. Mwanga na mtikisiko humfanya panya asitulie kujenga kiota. Chombo kilichokaa muda mrefu kisiwashwe kabla ya kukagua kichujio cha hewa na nyaya. Mafuta ya taa, majani yenye harufu kali na vidonge vya kabatini hupoteza nguvu baada ya muda, na haviwezi kuchukua nafasi ya kuziba matundu.

Mitego, paka na bundi

Mitego ya chuma ya kufyatuka ni salama kuliko sumu mahali penye watoto na mifugo. Itegwe kandokando ya ukuta, kwa kuwa panya hupita njia zilezile akigusa ukuta, na chambo kiwe karanga iliyosagwa au dagaa. Mitego mingi kwa usiku mmoja huleta matokeo bora kuliko mtego mmoja kwa mwezi mzima.

Paka husaidia, lakini peke yake hatoshi endapo chakula na maficho vipo tele. Bundi, ambaye wengi humfukuza kwa kumhusisha na mikosi, huwinda panya usiku kucha. Kumwacha aishi katika miti iliyo karibu na mashamba ni faida kwa mkulima.

Tahadhari kuhusu sumu

Sumu iwe hatua ya mwisho. Inunuliwe kwenye duka la pembejeo, iwe na lebo, na iwe imesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA). Sumu zinazouzwa mitaani katika vifuko visivyo na maandishi hazijulikani zina nini. Chambo chenye sumu kiwekwe ndani ya kasha lenye tundu dogo, si kwenye sahani wala juu ya magunia, na mabaki yafukiwe. Vidonge vya fosfini vya kufukizia nafaka visitumike kabisa katika nyumba wanamolala watu, kwa kuwa gesi yake huua binadamu.

Mtu aliyekula sumu apelekwe hospitali mara moja pamoja na kifungashio chake. Asilazimishwe kutapika, wala asicheleweshwe kwa kunyweshwa maziwa.

Kusafisha baada ya panya

Chumba au gari lililokuwa na panya lifunguliwe milango na madirisha kwa nusu saa kabla ya kuingia. Kinyesi kikavu kisifagiliwe, kwa kuwa vumbi lake huingia puani. Kinyunyiziwe mchanganyiko wa sehemu moja ya dawa ya klorini ya madoa kwa sehemu tisa za maji, kiachwe kwa dakika kumi, kisha kifutwe na mtu aliyevaa glavu. Panya waliokufa wafukiwe shimoni au wachomwe, na mikono ioshwe kwa sabuni.

Kazi ya kijiji kizima

Kaya moja ikiwafukuza panya huku jirani akiwalisha, watarejea ndani ya wiki chache. Udhibiti hufanikiwa pale kitongoji kizima kinaposafisha, kuziba na kutega kwa siku zilezile. Wakati unaofaa ni mwishoni mwa mvua, kabla ya mavuno kuingia ghalani, na mara nyingine kabla ya kupanda. Serikali za vijiji zinaweza kupanga siku hizo kwa kushirikiana na afisa kilimo na afisa afya wa kata. Panya wakionekana kuongezeka ghafla mashambani, taarifa itolewe mapema kwa afisa kilimo, ili Halmashauri ya Wilaya iweze kuomba msaada wa wataalamu kabla mbegu hazijafukuliwa.