Wamisionari walipoondolewa, kanisa lilibaki

Wadau, hapa Rujewa watu husema sana "namtegemea Mungu katika huduma". Mara nyingi mfadhili naye yupo pembeni! Hebu tuangalie historia ya huku kwetu Nyanda za Juu Kusini.

Wamoravian kutoka Ujerumani walifika Rungwe mwaka 1891. Mwaka 1895 wakafungua kituo Utengule, Usafwa, ambako Merere, mtawala wa Wasangu, alikuwa amejenga ngome baada ya kusukumwa na Wahehe kutoka huku Usangu.

Vita Kuu ikaja. Mwaka 1916 Waingereza waliiteka nchi hii, wamisionari Wajerumani wakapelekwa kizuizini. Wakaruhusiwa kurudi katikati ya miaka ya 1920 tu. Waskoti wa Livingstonia, Nyasaland, walisaidia, lakini kazi ya kila siku ilibaki kwa walimu na wazee wenyeji. Nao walifundisha, walisali, walizika. Wamisionari waliporudi, kanisa lilikuwepo.

Nadhani hao ndio waliomtegemea Mungu kweli: kuendelea na kazi wakati hujui kama kuna atakayerudi.

Je mdau, mfadhili akiondoka kesho, huduma yako itabaki?