Upana wa Ukurasa: Kiwambo cha Kompyuta na Usomaji wa Kiswahili cha Katanga

Wanafunzi wa shahada za juu wanaojishughulisha na Kiswahili huuliza mara kwa mara swali ambalo, kwa sura yake, halistahili nafasi katika jarida la lugha: wanunue kompyuta mpakato yenye kiwambo cha ukubwa gani? Swali hili huachiwa wenye maduka, nao hulijibu kwa bei. Makala hii inalichukua kuwa ni swali la historia. Kiwambo ni ukurasa, na historia ya maandishi ya Kiswahili inaonyesha kwamba upana wa ukurasa haukupata kuwa jambo la mafundi peke yao. Ndio ulioamua ni kitu gani kiweze kusomwa sambamba na kitu gani. Mfano wetu mkuu utatoka Katanga, na hasa ukanda wa migodi unaouzunguka mji wa Likasi, ambamo Kakanda imo, kwa sababu mbili. Kwanza, kutoka mkoa huo tumepata maandishi yanayodai ukurasa mpana kuliko mengi tuliyozoea kuyafundisha. Pili, kobalti inayoziwezesha kompyuta hizi kufanya kazi mbali na waya wa umeme huchimbwa huko huko.

Yafaa tuanzie mbali kidogo, pwani. Katika miswada mingi ya tenzi iliyoandikwa kwa hati ya Kiarabu, ubeti wenye vipande vinne uliandikwa kwa upana, katika mstari mmoja au miwili, vipande vikitengwa kwa alama au kwa nafasi tupu. Msomaji alipolipitisha jicho kutoka kulia hadi kushoto aliumaliza ubeti mzima, na bahari, yaani kina cha mwisho kinachozifunga beti zote, kilishuka kwenye ukingo wa ukurasa kama nguzo. Wachapishaji wa hati ya Kirumi waliuvunja mpangilio huo. Walivipanga vipande vinne kimoja chini ya kingine, na utenzi uliokuwa mpana ukawa mrefu na mwembamba. Hapana neno lililobadilika. Lakini ile nguzo ya bahari ilipotea machoni, maana sasa kati ya kina kimoja na kinachokifuata pana mistari mitatu mingine. Mtu akiufungua utenzi uliochapwa hivyo katika kiwambo kipana cha leo, ataona zaidi ya nusu ya kioo ni tupu. Miswada ya zamani ingekijaza.

Kompyuta za kwanza za kubebeka hazikuwa na anasa ya nafasi tupu. Kipimo chake kilikuwa kimekwisha wekwa na kadi za kutoboa za IBM za mwaka 1928, zenye safu 80, nacho hakikuwa mbali na upana wa karatasi iliyopigwa chapa kwa mashine. Osborne 1, iliyouzwa tangu mwaka 1981, ilikuwa na uzito wa karibu kilo 11 na kioo cha inchi 5 kilichoonyesha herufi 52 tu kwa mstari; aliyetaka kuuona mstari mrefu zaidi alilazimika kuusogeza pembeni. Epson HX-20 ya wakati huo huo ilionyesha mistari minne yenye herufi 20 kila mmoja. Hii ni nafasi ndogo mno kwa barua, ila kwa bahati tu inakaribia kuwa nafasi ya ubeti mmoja wa utenzi: vipande vinne vya mizani nane! TRS-80 Model 100 ya mwaka 1983 ilifika mistari minane ya herufi 40, ikawa kipenzi cha waandishi wa habari. Toshiba T1100 ya mwaka 1985 iliweka safu 80 na mistari 25 katika kifuniko kinachofungika, na tangu hapo sura ya kompyuta mpakato haijabadilika sana.

Majina yenyewe yana historia yake. Neno ngamizi halikudumu midomoni mwa watu. Tarakilishi imeshika mizizi zaidi Kenya, na kutoka humo tukapata kipakatalishi. Tanzania imependelea kompyuta mpakato. Yote mawili yametoka katika kitenzi pakata, ambacho kwa asili husemwa juu ya mtoto anayewekwa mapajani. Osborne ya kilo 11 hakuna ambaye angeipakata kwa muda mrefu. Wanafunzi wa Lubumbashi na Likasi, wanaosoma kwa Kifaransa, hulitumia jina la Kifaransa, na hata vipimo vya kioo huvitaja kwa lugha hiyo.

Kilichokiruhusu kiwambo kikue bila kamba ya umeme ni betri. Mwaka 1980 John Goodenough na wenzake waliokuwa Oxford walitoa matokeo ya utafiti wao juu ya oksidi ya lithi na kobalti. Mwaka 1991 kampuni ya Sony ikaanza kuuza betri zilizojengwa juu ya msingi huo. Katika muongo uliofuata viwambo vya rangi vya inchi 10 vilipisha vya 12, kisha 14 na 15. Leo Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo hutoa zaidi ya theluthi mbili ya kobalti inayochimbwa duniani, na karibu yote hutoka katika ukanda wa Katanga ya zamani. Kakanda, kaskazini-magharibi ya Likasi, ni mji uliokua kandokando ya machimbo ya shaba na kobalti na kiwanda cha kuchambulia mawe yake. Gécamines iliuhesabu katika Kundi lake la Kati, lililokuwa na makao yake Likasi.

Migodi hiyo hiyo ndiyo iliyokieneza Kiswahili huko. Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906, ilitegemea mwanzoni vibarua wa muda mfupi, na wengi wao walitoka kusini. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1920 ilianza kuwaweka wafanyakazi wa kudumu pamoja na wake na watoto wao, ikiwaleta kutoka Kasai, Lomami na Ruanda-Urundi. Johannes Fabian, katika kitabu chake cha mwaka 1986 juu ya lugha na utawala wa kikoloni, ameonyesha kwamba Wabelgiji waliona faida katika Kiswahili kwa kuwa kiliwatenga wafanyakazi wao na ushawishi wa makoloni ya Kiingereza ya kusini. Kambini, na katika shule za misheni zilizofadhiliwa na kampuni, kilikua kizazi ambacho Kiswahili hicho kilikuwa lugha yake ya kwanza. Kwa hiyo hatuwezi kukiita Kiswahili cha pwani kilichoharibika. Ni lugha iliyozaliwa kambini, yenye sarufi yake, na mtu aliyekulia Kakanda ana haki ya kuitazama hivyo anapoingia chuo kikuu.

Maandishi tuliyoyagusia hapo juu ni historia iliyotungwa na André Yav mwaka 1965, yenye jina la Kifaransa linalomaanisha Msamiati wa Mji wa Élisabethville. Mji huo uliitwa Lubumbashi mwaka uliofuata. Yav aliandika kwa niaba ya chama cha waliokuwa watumishi wa majumbani, naye anausimulia mji kutoka upande wa jikoni, ua na kambi. Maandishi yalipigwa chapa na kurudufiwa. Tahajia yake haikufuata kanuni ya Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki wala ya shule za misheni: maneno huungana pasipotarajiwa, hugawanyika pasipotarajiwa, na alama za vituo hazimsaidii msomaji kujua sentensi inaishia wapi. Fabian alipoyatoa kuwa kitabu mwaka 1990, hakuweza kuyasoma kimyakimya kama tusomavyo gazeti. Msaidizi wake, Kalundi Mango, aliyasoma kwa sauti, na usomaji huo ukaandikwa upya. Hivyo kitabu kina maandishi ya asili kama yalivyokuwa, usomaji wa Kalundi Mango, tafsiri ya Kiingereza, na maelezo ya kiisimu ya Walter Schicho.

Hapa ndipo suala la upana linapouma. Msomaji makini wa Yav hana budi kuona mambo matatu kwa pamoja: jinsi Yav alivyoandika, jinsi Kalundi Mango alivyosikia, na jinsi Fabian alivyoelewa. Akiona la tatu peke yake, anasoma Kiingereza cha Fabian. Akiona la pili peke yake, anaweza kudhani kwamba Yav aliandika kwa utaratibu ambao kwa kweli umeongezwa na mwingine. Kila mpaka wa neno uliowekwa na msomaji ni hukumu, na hukumu haipimwi ila kwa kuwekwa kando ya ushahidi wake. Mwanafunzi ambaye kioo chake kinaonyesha ukurasa mmoja tu atalazimika kuukumbuka wa kwanza wakati anautazama wa pili. Na katika tahajia kama hii kumbukumbu hudanganya upesi, kwa kuwa jicho limezoea kusahihisha.

Basi tuhesabu. Karatasi ya A4 ina upana wa sentimita 21 na urefu wa 29.7. Kurasa mbili sambamba zinahitaji sentimita 42. Kiwambo cha inchi 15.6 chenye uwiano wa 16 kwa 9 kina upana wa sentimita 34.5, kurasa mbili zitaingia zikiwa zimepunguzwa hadi asilimia 82, na herufi za pointi 12 zitaonekana kama za pointi 10, yaani herufi za kitabu cha kawaida. Katika inchi 14 zitashuka hadi karibu pointi 9. Katika inchi 11.6 zitafika pointi 7 na kidogo, ambazo ni herufi za tanbihi. Safu tatu haziingii vizuri katika mojawapo ya hizo, ikiwa safu ni picha za kurasa. Usomaji na tafsiri huweza kupangwa upya katika mistari mifupi. Ukurasa wa Yav haupangiki upya, kwa sababu mahali mstari unapokatika ni sehemu ya ushahidi. Kwa hiyo, kwa maoni yetu, nafasi ipewe kwanza picha ya maandishi ya asili, na tafsiri ndiyo ibanwe.

Wanunuzi watahadhari pia na kipimo chenyewe. Inchi za kiwambo hupimwa kutoka pembe hadi pembe, na watengenezaji walipoacha uwiano wa 4 kwa 3 na hatimaye kushika ule wa 16 kwa 9, uliofaa filamu, inchi 14 ziliendelea kuitwa inchi 14 ilhali kimo kilishuka kutoka sentimita 21.3 hadi 17.4, na eneo lote likapungua kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi. Filamu ilipata, maandishi yalipoteza. Uwiano wa 16 kwa 10, ambao umerudi katika kompyuta nyingi za miaka ya karibuni, hurejesha sehemu ya kimo hicho.

Mwaka 2008 Fabian alilisogeza jambo hili mbele. Katika kitabu cha ufafanuzi juu ya mazungumzo aliyoyafanya Lubumbashi mwaka 1974 na mganga aitwaye Kahenga, aliyaacha maandishi yenyewe ya Kiswahili katika hifadhi ya intaneti na kukiachia kitabu kazi ya kuyafafanua. Msomaji anatakiwa awe na kitabu mezani na Kiswahili kiwamboni. Ni utaratibu wa haki kwa lugha, kwa kuwa maneno ya mganga hayamezwi tena na maneno ya mtaalamu; lakini unamdai msomaji kioo, umeme na mtandao, na wadai hao watatu hawalingani Amsterdam na Kakanda.

Gécamines, iliyorithi mali ya Union Minière iliyotaifishwa kuanzia mwaka 1967, ilimpa mfanyakazi nyumba, posho, hospitali na shule ya watoto. Katikati ya miaka ya 1980 ilitoa tani zaidi ya 400,000 za shaba kwa mwaka. Kufikia mwaka 1994 ilikuwa chini ya tani 50,000. Mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi wapatao 10,000 waliondoka katika mpango ulioitwa wa hiari, na migodi mingi, ya Kakanda ikiwamo, imeingia katika ubia na makampuni ya kigeni. Mtoto wa nyumba kama hizo anayeifikia shahada ya uzamili hununua kompyuta kwa fedha za ukoo, mara nyingi iliyokwisha tumika, na hainunui mara mbili.

Kwake upana una gharama ya pili. Eneo la kioo cha inchi 15.6 linazidi la inchi 13.3 kwa zaidi ya theluthi, na taa inayokiangaza hula umeme kwa kadiri hiyo. Betri haiwezi kukua ovyo, maana mashirika ya ndege huweka mpaka wa saa-wati 100 kwa abiria asiye na kibali maalumu. Umeme wa mkoa huu, tangu bwawa la Mwadingusha kwenye mto Lufira lilipoanza kazi mwaka 1930, ulijengwa kwa ajili ya viwanda, na makazi yalifuata nyuma. Umeme ukikatika jioni, mwenye kioo kidogo huendelea kusoma baada ya mwenye kioo kikubwa kuzimikiwa.

Ndiyo maana hatuoni sababu ya kumshauri mwanafunzi wa maandishi ya Katanga anunue inchi 17. Inchi 14 za uwiano wa 16 kwa 10 zitamtosha njiani na wakati wa giza. Kwa kazi ya kulinganisha atafute kiwambo cha mezani cha inchi 19, cha uwiano wa 5 kwa 4, ambavyo ofisi nyingi zilivitupa viwambo vipana vilipoingia. Kimo chake ni sentimita 30.1. Ukurasa mzima wa A4 unaenea humo kwa ukubwa wake wa kweli, na kando yake hubaki sentimita 16 kwa ajili ya safu ya usomaji. Tafsiri ikae kwenye kompyuta yenyewe, upande wa kushoto, umeme ukiwapo.