Ujiji Haukuuawa na Reli

Ndugu wanafunzi wa zamani wenzangu,

Kila tukutanapo hakosi mmoja wetu wa kusema kwamba Ujiji uliuawa na reli. Mimi niliyezaliwa huko nakataa, na naomba nafasi kidogo nieleze.

Ni kweli kwamba Reli ya Kati ilipofika ziwani mwaka 1914 ilikwenda Kigoma. Kigoma ina ghuba yenye kina, nasi ufuko wetu ni wa mchanga na maji mafupi. Tena ziwa lenyewe lilikuwa limekwisha tukimbia. Mto Lukuga, ng'ambo ya Kongo, ulipozibuka katika miaka ya 1870, maji yalishuka kadiri ya mita 10. Ndiyo maana mgeni aendaye kutazama mahali walipokutana Livingstone na Stanley mwaka 1871 hushangaa kuona ziwa liko mbali.

Kilichokufa ni biashara ya pembe na watumwa, nayo haifai kuliliwa. Soko la wenyeji lilibaki. Zama za misafara watu walibadilishana hapo chumvi ya Uvinza, mawese, samaki na nafaka, na fedha yao ilikuwa shanga ziitwazo sofi, mfano wa vipande vya bomba la kiko. Waha, Wamanyema na Wabwari walikaa mtaa kwa mtaa, wakaoana, na Kiswahili kikawa chao wote.

Halafu kuna dagaa. Hao huvuliwa usiku wa giza; mbalamwezi ikitoka wavuvi hushona nyavu, na deni la dukani huongezeka. Zamani waliwasha moto wa kuni mtumbwini na kuchota kwa wavu wa mpini. Ikaja karabai, na siku hizi taa za umeme wa jua. Kukicha, mali ni ya kina mama: hununua kwa beseni, huanika, hugeuza, na mvua ya ghafla ikinyesha mtaji umeoza. Dagaa waliokauka wakapanda gari moshi lile lile linalosingiziwa kutuua, wakaenda kuliwa Tabora na Dar es Salaam!

Mwaka 2024 Serikali ilifunga uvuvi ziwani miezi mitatu, kuanzia Mei 15, ili samaki wazaane. Nilikuwa nyumbani. Vichanja vilikuwa vitupu, mama lishe wa ufukoni wakafunga, na fundi cherehani jirani yetu akaniambia hajapata kushona hata kanzu moja tangu mitumbwi ivutwe nchi kavu.